Aliyefungua Pakiti Ndiye Anayeijibu

4 Februari

Shikamoo Shangazi,

Hii ni barua yangu ya kwanza tangu nianze kazi, na naianza kwa kuungama kabla hujaninusa mwenyewe. Kazi nimeipata kwa uongo.

Usivue miwani. Soma kwanza.

Ni karakana ndogo, ghorofa ya pili, watu sita na mlinzi mmoja. Tunatengeneza mashine za kupimia dripu, zile zinazobana mrija, zinahesabu matone, na kupiga kengele mfuko ukiisha. Wewe muuguzi unazijua kuliko mimi. Siku ya usaili fundi mkuu aliniuliza kama naijua lugha ya kompyuta inayoziendesha. Nikasema, "Naijua vizuri." Ulimi ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikichechemea. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeiona kitabuni tu. Nikajidanganya kwamba lugha za kompyuta zote ni ndugu, wiki mbili zinatosha. Nimepewa miezi mitatu ya majaribio. Hii ni wiki ya tatu na maji yamenifika shingoni.

Ngoja nikueleze, maana ukielewa wewe, na mimi nitakuwa nimeelewa. Kompyuta ina kumbukumbu. Tuseme ni rafu yenye nafasi. Programu ikitaka kuweka kitu, mathalani idadi ya matone, lazima ipate nafasi kwenye rafu. Katika lugha niliyoizoea niliweka vitu nikaondoka zangu. Kulikuwa na mfagiaji asiyeonekana: akiona kitu hakitumiki tena, anakiondoa, nafasi inabaki wazi. Miaka sita nimeandika programu na sikuwahi kumfikiria hata siku moja.

Huku mfagiaji hayupo. Nafasi unaiomba mwenyewe na kuirudisha ni juu yako. Ukisahau, imepotea, na rafu ya mashine zetu ni ndogo; ikijaa mashine inaganda. Ukirudisha nafasi moja mara mbili, balaa. Ukirudisha kisha ukaendelea kuitumia, balaa zaidi, maana ameshapewa mwingine na wewe unasoma vitu vya watu.

Kila siku narudi chumbani kichwa kinauma. Fundi mkuu ananiita "mtaalamu", na kila akiniita hivyo natamani kujificha chini ya meza. Fundi umeme, ambaye meza yake imegusana na yangu, hana neno. Anachomelea waya huku akipiga mluzi, akichoka ananikatia nusu ya mkate wake bila kuniuliza kama nina njaa.

Nikemee, lakini nijibu.

Chiriku wako


13 Februari

Chiriku,

Marahaba. Nimekusoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira, kwa hiyo anayekujibu ni yule wa mara ya pili. Mshukuru.

Ala! Kwa hiyo miaka sita umekuwa na yaya. Umekula, umeacha sahani, yaya kaosha, na wewe mjini unajiita mwandishi wa programu! Sasa yaya kaondoka na mtoto analia. Lia, halafu ushike sabuni.

Chumba cha upasuaji hakina yaya. Vile vitambaa vya gozi vya kunyonyea damu vinakuja vitano vitano, na sheria yetu ni moja: aliyefungua pakiti ndiye anayeijibu, yaani ndiye wa kuulizwa kikipotea kitu. Anavitenganisha kimoja kimoja, anahesabu kwa sauti, mwenzake anasikia na kuandika ubaoni. Kitambaa kikiingia tumboni mwa mtu, ni juu ya yule aliyefungua pakiti mpaka kitoke. Daktari atakishika, msaidizi atakishika, lakini kushika si kumiliki. Kabla ya kushona tunahesabu tena. Havijatimia, hatushoni, hata daktari apige kelele mpaka barakoa imvuke. Wala hakitupwi kwa sababu ni kichafu. Kinatundikwa, kinahesabiwa, ndipo kinatupwa.

Fanya hivyo hivyo. Kila ukiomba nafasi, andika palepale nani ataijibu, kabla hujaweka kitu ndani. Ukisema utakumbuka baadaye, hutakumbuka. Nimekulea tangu una miaka saba, nakujua.

Na fundi mkuu umwambie ukweli. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ina miezi mitatu tu.

Mimi sijambo. Magoti yanalalamika, macho yapo. Nahesabu kama kawaida.

Shangazi yako


22 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nimebandika karatasi ukutani. Upande mmoja naandika nafasi iliyoombwa, upande wa pili nani ataijibu. Fundi umeme akauliza kama hiyo ni orodha ya wanaodaiwa zamu ya kufagia. Nikamwambia ndiyo, na jina lake limo.

Imenisaidia kuliko kitabu. Sasa nikisoma ukurasa wa programu sioni tena herufi, naona mikono. Huyu ameomba, yule ameazima asome tu, huyu atarudisha. Jumanne nilikaa saa nzima bila kukosea, nikajiona nimefika.

Basi Jumatano nikaharibu. Kipande changu kinahesabu matone, na skrini inaazima hesabu hiyo kuionyesha. Mimi nilipomaliza kuhesabu nikaona nisiache uchafu, nikarudisha nafasi fasta. Kumbe skrini ilikuwa bado inaisoma! Nafasi ileile ikapewa kengele, kengele ikaandika maneno yake humo, na skrini masikini ikayasoma maneno kama namba. Ikaonyesha matone elfu kumi na tatu kwa dakika. Fundi umeme akasema mgonjwa huyo hahitaji kitanda, anahitaji boya.

Na kosa hili, samahani, ni lako. Nani alitulea tuondoe sahani mgeni akiwa bado na tonge mkononi? Hapa karakana nzima nimekuwa mimi wa kuondoa vikombe vya watu kabla hawajamaliza chai. Fundi mkuu ameanza kukishika chake kwa mikono miwili.

Fundi mkuu sijamwambia. Kila nikijiandaa ananisifu kitu.

Chiriku


2 Machi

Chiriku,

Usinisingizie. Wageni wangu walishiba wote, isipokuwa baba yako, na yeye alikuwa anakula polepole kwa makusudi ili aniudhi. Kaka zangu wote ni hivyo.

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini sikiliza, hapo pana somo. Upasuaji mrefu hupita zamu. Anayeondoka na anayeingia wanahesabu pamoja, kisha anayeondoka anasema, "Ni vyako." Mwenzake anajibu, "Ni vyangu." Ni hapo tu mzigo unapohama, na kabla ya jibu hilo huondoki wala huondoi kitu. Wewe ulimwachia skrini bila kumwambia, halafu ukamnyang'anya bila kumwuliza. Sema wazi: nimekuazima, au nimekupa. Ukiazima, ngoja amalize. Ukitoa, usiguse tena.

Kuhusu fundi mkuu sitarudia. Nimeshasema, na wewe si kiziwi.

Kula vizuri. Hiyo nusu ya mkate ya fundi umeme si chakula, ni huruma.

Shangazi yako


11 Machi

Shikamoo Shangazi,

Leo usinijibu kwa methali, nakuomba. Nijibu kama mtu.

Mashine zimepita majaribio yote. Tarehe 28 mwezi huu, mashine kumi zinakwenda wodini. Ijumaa iliyopita nilisahau kuizima moja, ikabaki inafanya kazi na mfuko wake wa maji. Jumatatu nilifika wa kwanza nikaikuta imeganda, namba imesimama, kengele kimya. Nikaunganisha kompyuta yangu nikaitazama ndani. Kumbukumbu imejaa pomoni, hakuna nafasi hata moja. Mahali fulani kuna kipande kinaomba na hakirudishi, na vipande vinavyoomba nafasi nimeviandika mimi.

Unajua nilifanya nini? Nikaizima. Ukiizima rafu inafutika, hakuna tena cha kuonyesha. Mkono wangu ulifanya hivyo kabla sijajua.

Lakini mlinzi alikuwa ameandika kwenye daftari lake kwamba imeganda tangu Jumapili saa tatu asubuhi. Fundi mkuu akasoma, akasema bila shaka ni umeme, mtambo wa fundi umeme haufai. Toka siku ile mzee wa watu anang'oa vipande vyake na kuvipima upya kimoja kimoja. Hapigi tena mluzi. Jana alinikatia mkate kama kawaida akaniambia, "Labda nimezeeka, mwanangu." Niliuficha kwenye droo.

Nimejaribu kurekebisha kimyakimya. Nimesoma kila mstari. Mchana kutwa nimeiacha inapiga kengele yake mwanzo mpaka mwisho, mara mia mbili, na kila mara inaomba nafasi ya maneno na kuirudisha vizuri. Majaribio yetu yote ni hivyo na jioni tunazima. Siioni inapovuja.

Peke yangu siwezi. Nikisema, nitaulizwa kwa nini mtaalamu hakujua, na uongo wa usaili utatoka. Kazi itakwenda. Nisiposema, tarehe 28 mashine itaganda kwa mgonjwa. Najua jibu, Shangazi. Nataka tu mtu anishike mkono.

Chiriku


15 Machi

Mwanangu,

Hukutaka methali. Basi nakupa habari.

Mimi siko chumba cha upasuaji. Sijaingia humo tangu Januari.

Ilikuwa upasuaji wa tumbo, wa kawaida. Mimi ndiye niliyefungua pakiti. Vitambaa sikuvitenganisha, nilivipapasa ukingoni kwa kidole nikasema "vitano", kwa sababu miaka ishirini na saba nimefungua pakiti na zote zilikuwa na vitano. Kimoja kilikuwa cha ziada kimegandana. Binti mmoja, muuguzi wa mwaka wa kwanza, aliviona sita kwa macho yake akaandika sita. Mwisho akasema kimoja hakijatoka. Nikasema vilikuwa vitano na vitano vimetoka. Akarudia. Nikamkatiza mbele ya daktari, nikamwambia akajifunze kuhesabu. Tukashona.

Binti hakunyamaza. Alikwenda kwa matroni mgonjwa kabla hajaamka. Eksirei ikapigwa, kitambaa kikaonekana, mgonjwa akafunguliwa tena. Ni mzima, amesharudi kwake, nashukuru kila siku.

Matroni aliponiita na kuniuliza, nilisema kweli yote. Lakini niliulizwa, Chiriku. Sikwenda mwenyewe. Kati ya kushona na kuulizwa zilipita saa mbili, na kwa saa hizo nilikaa nakunywa chai huku moyoni nimeshajua kwamba binti ana haki. Saa mbili hizo ndizo zinazoniuma kuliko kosa lenyewe.

Tangu hapo niko stoo, napanga pakiti zilizofungwa. Nilipokuandikia kwamba nahesabu kama kawaida, ndizo hizo. Nilikuficha kwa sababu nilitaka mtu mmoja duniani abaki ananiona kama zamani. Niliyokufundisha yote ni kweli. Aliyeteleza ni mwalimu.

Nenda kabla hujaulizwa. Nenda leo. Kazi nyingine utapata, na ukikosa, chumba chako hapa kina kitanda na sijakipangisha.

Jambo dogo: umesema mnaiacha kengele ilie mpaka imalize. Wodini hakuna anayefanya hivyo. Tunaibinya inyamaze kabla haijalia mara ya pili, wagonjwa wasiamke. Kila muuguzi, kila mara. Sijui kama linakusaidia.

Nakupenda. Hili nalo niliandike, maana kwa mdomo sijui kulisema.

Shangazi yako


29 Machi

Shangazi wangu,

Shikamoo. Sikukasirika. Nilikasirika. Yote mawili. Nilikasirika kwamba tangu Januari umekuwa ukipanda na kushuka na jambo hilo peke yako, huku mimi nakuletea vituko vyangu vya vikombe vya chai. Kuhusu kukuona kama zamani: zamani nilikuogopa kidogo. Sasa nakuona vizuri zaidi.

Barua yako ilifika Ijumaa mchana. Sikumaliza hata kuikunja. Niliingia kwa fundi mkuu nikayamwaga yote, usaili, rafu iliyojaa, na kwamba niliizima kwa mkono wangu. Akasukuma kando karatasi za mezani kwake. Kisha akasema, "Leta kompyuta." Basi. Tukakaa mpaka saa kumi na mbili jioni tukisoma mstari kwa mstari, naye hakuona inapovuja, mpaka nikakumbuka jambo lako dogo.

Tukashuka kwa mlinzi. "Ile mashine Jumamosi ilikuwa inalia?" Mlinzi akasema ililia Jumamosi usiku kucha mpaka ilipoganda asubuhi, mfuko wa maji ulikuwa umeisha, na kila ikilia alikuwa anaibinya. Kila baada ya dakika mbili, Shangazi! Hakuiacha imalize hata mara moja.

Ikawa hivi. Kengele ikianza inaomba nafasi ya maneno yake. Ikilia mpaka mwisho, inapita mlango wa mbele, na pale mlangoni nilikuwa nimeandika kurudisha. Ukiibinya, inatokea mlango wa uani, na uani sikuwa nimeweka kitu. Ilikuwa inatoka na nafasi mkononi, mara zote hizo, mpaka rafu ikaisha. Mstari mmoja tu ulikosekana. Ninajua sasa, na sitasahau tena maishani: haitoshi kujua nani anarudisha, lazima uhesabu milango yote anayoweza kutokea.

Tuliurekebisha. Kisha fundi mkuu akasema, "Nenda nyumbani. Nitakuita."

Jumatatu hakuita. Jumanne hakuita. Nilipanga nguo zangu kwenye sanduku, nikazipangua, nikazipanga tena. Jumatano akaita. Mashine zitachelewa mwezi mmoja, na ameshawaeleza watu wa hospitali sababu. Miezi yangu mitatu ya majaribio imefutwa. Nikitaka, naanza upya kama mwanafunzi, mwaka mzima, na kila mstari atausoma kabla haujaingia. Na hataniita tena mtaalamu. Nikamwambia nashukuru kwa yote, hilo la mwisho hasa.

Lakini yeye hakuwa mgumu. Mgumu alikuwa fundi umeme. Nilipomwomba radhi aliendelea kuchomelea. Siku mbili hakusema nami. Ya tatu akaweka waya chini akasema, "Ungeniambia Jumatatu ile, ningekucheka mpaka Jumanne, yakaisha. Umeniacha siku kumi na moja nikijichunguza mikono yangu." Nililia palepale, mbele ya watu. Sikuwa nimefikiri kwamba nilichomwibia ni hicho.

Ndipo nikamfikiria yule binti. Kwa matroni ulisema kweli. Yeye je, ulimwambia nini?

Chiriku wako


9 Aprili

Mwanangu,

Sikumwambia kitu.

Barua yako nimekaa nayo siku nne, na mara mbili nimeanza kukujibu kwa ukali kwamba mtoto hamwulizi mkubwa maswali kama hayo. Nimeyachana majibu yote mawili. Ulikuwa na haki ya kuuliza, na nilikuwa na aibu.

Leo asubuhi, kabla ya zamu, nilimfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa anafunga kofia. Aliponiona akasimama wima kama mtu aliyeitwa kukaripiwa. Miezi mitatu sasa, na bado anaposikia sauti yangu anasimama hivyo. Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu. Yakapotea yote.

Nikamwambia, "Ulihesabu sawa. Mimi ndiye niliyekosea, nikakutukana, na nilijua una haki nikanyamaza. Nisamehe."

Akaacha kufunga kofia. Akakaa kwenye benchi. Akasema tangu siku ile anahesabu mara tatu, mara nne, na akifika kwake anahesabu vijiko, kwa sababu watu wote walimpongeza kwa kuripoti, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba mimi nimekubali. Alidhani bado nasema vilikuwa vitano.

Kisha akaniangalia, machozi yamejaa, akasema, "Mama, sema tena."

Nikasema tena.

Shangazi yako